Kanyaga, Shikilia

Jiwe kwanza, nyuma ya tairi. Halafu jeki.
Hilo nimelijua kwa kuchelewa, kama mengi.

Nati ziligoma. Chumvi ya Wete haisamehi chuma.
Nikapanda juu ya spana, nikarukaruka,
Bi Kidawa akachungulia juu ya ua:
"Mwalimu, unatengeneza gari au unapungwa?"
"Bado, Bi Kidawa. Upepo tutautoa jioni."

Gurudumu likatoka, na mimi nikanyamaza.
Pedi haikuwepo. Lilibaki bamba lake,
chuma kikitafuna chuma,
na diski imechorwa mistari
kama daftari la mtoto anayekandamiza kalamu.

Wiki mbili ilikuwa ikilia, kila mteremko, kiii.
Raya akisema, "Gari inakwambia kitu."
Mimi nikiongeza redio.

Ijumaa, tukishuka kuelekea bandarini,
nilikanyaga nikakuta hewa.
Mbele majamvi ya karafuu kando ya lami,
kijana anazipindua kwa mguu, ametupa mgongo.
Nikavuta breki ya mkono, nikaufuata mtaro.
Tulisimama upande upande. Hakuumia mtu.
Raya akashuka, akampakata Zulekha,
akavua viatu, akaupanda mlima
bila kugeuka.

Leo siku ya nne.
Chai inafika mezani, maneno hayafiki.

Pedi zimekuja na meli ya Unguja, zimefungwa gazeti.
Fundi wa Chasasa alitaka kuja, nikamwambia hapana.
Si ubahili.
Mkono ulioongeza redio ndio unaostahili spana.

Nimefuta vumbi kwa fulana ya uchaguzi,
uso wa bwana aliyetuahidi lami ukaingia weusi.
Kalipa nimeining'iniza kwa waya, mpira usivutike.
Pistoni nimeirudisha kwa jiliwa, taratibu,
ikarudi shingo upande,
kama mtu anayeombwa radhi na hasira bado anazo.

Lakini kutoa upepo ni kazi ya watu wawili,
mmoja chini, mmoja ndani.
Bi Kidawa ana goti. Zulekha mguu haufiki.
Nikasimama mlangoni na mikono yangu ya oili.
"Raya. Nna shida na mguu wako."

Alifunika chungu kwanza.

"Kanyaga."
Akakanyaga.
"Shikilia."
Nikalegeza nipo. Ndani ya chupa ya sharubati
mapovu yakapanda, madogo, mengi, meusi.
Nikakaza. "Achia."
"Nimeachia."
Neno la kwanza tangu Ijumaa.
"Kanyaga."
"Laini."
"Kanyaga tena."
"Laini bado. Ungenisikiliza wiki ile."
"Ningekusikiliza. Shikilia."
Povu moja kubwa, kisha maji matupu.
"Sasa imesimama," akasema. "Kama jiwe."

Tungeweza kuishia hapo.
Akaja na ndoo, na brashi ya kufulia, na sabuni ya mche.
Mimi nje, yeye viti.
Chini ya kiti cha nyuma akatoa soksi moja ya Zulekha
ya umri ambao hatuukumbuki vizuri,
karafuu tatu, shilingi mia, pini ya mtandio.
Pini akaibana hapo hapo kichwani, na maji yake.

Kopo la nta likaisha mlango wa pili.
Ubavu wa kushoto gari ni ya waziri,
wa kulia ni ya mwalimu.
Na juu ya tairi tone la maji ya breki limekula rangi,
doa la ukubwa wa dengu. Nikachukua msasa.
"Liache," akasema Raya. "Uwe unaliona."

Asubuhi tumeshuka mteremko ule ule, redio kimya.
Karibu na majamvi nikakanyaga,
gari ikatii, polepole, bila mlio.
Raya hakusema kitu.
Ila kwenye zulia la upande wake,
mahali ambapo hapana pedeli,
mguu wake nao ulikuwa umekanyaga.