Swali la Kumi na Saba

Kitangari, mwezi wa Julai. Salfa imekaa
juu ya majani ya mikorosho kama unga usopanguswa.
Dokta Nampota katutuma sita, madodoso kwenye bahasha,
posho elfu thelathini, chakula juu yako.
Mimi nilipewa upande wa bondeni.

Somoe binti Chilumba alikuwa kaya ya tisa.
Nikamsomea kama tulivyofundishwa, pasi kutia chumvi:
"Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote,
ya malipo au ya faida, japo kwa saa moja?"

"Sina kazi, mwanangu. Nipo tu."

Alisema hivyo huku anabangua.
Vidole vyeusi, ganda limemla mpaka kwenye kucha,
majivu kwenye kifuu ya kupunguza makali.
Nyuma yake madumu mawili ya maji ya mteremkoni
na ming'oko, udongo wake haujakauka.

Nikatia alama kisanduku cha nne: HANA KAZI.
Kalamu ikakwama kidogo. Labda wino.

Usiku, gesti, umeme umekatika,
Dokta anapitia fomu kwa tochi ya simu.
Ni mtu wa huku huku; Kimakonde chake kimepauka
lakini bado kinauma pale pa kuuma.
"Alikuwa anabangua korosho za nani?"
"Za jirani. Jirani naye alimpulizia mikorosho."
"Kwa hiyo kalipwa."
"Nilimwambia hivyo. Akacheka."
"Akasema ni nini?"
"Kukumbukana."

Akazima tochi. Nikamsikia gizani
akilirudia neno lile kama anayehesabu chenji.

Asubuhi akanirudisha. Kilo ngapi? Saa ngapi? Tangu lini?
Somoe akajibu yote, mkono hausimami, kisha:
"Na saa hizi nilizokaa nawe, jana na leo,
unaziandika wapi?"

Nikatoa mche wa sabuni, kama mwongozo unavyosema.
Akaukata kati kwa kisu cha kubangulia,
akamwita mtoto wa jirani:
"Mpelekee mama yako."

Kitabu kimetoka mwaka huu, kurasa mia mbili na kitu.
Nimemtafuta. Jedwali la tatu, mstari wa tisa:
umri, kaya, kilo, saa.
Safu ya mwisho, penye neno *malipo*, pameachwa wazi.

Sijui kama ni kosa la mpiga chapa.
Sijamuuliza.