Meza Namba Tisa

Mlango huu niliutundika mwenyewe,
bawaba tatu za shaba, mwezi wa pili,
vidole vimekufa ganzi, mto Don umefura nyuma ya ukuta.
Wahenga walisema nyumba njema si mlango;
hawakujua bei ya mwaloni.
Leo naufungua kwa mkono wa mgeni
na kijana wa mapokezi ananiuliza kama nimeweka nafasi.

Nimeweka. Nimeweka na misumari.
Nasra ananisukuma kiwiko: Baba, usianze.

Enzi Sheffield ikinoa visu vya dunia
humu mlikuwa na vumbi la mawe na kikohozi.
Sasa ukuta wa kushoto una rangi ya bizari,
wa kulia matofali yameachwa uchi makusudi
(siku nne nzima nayavua plasta),
na juu zinaning'inia taa za karatasi
mithili ya vitumbua vilivyoumuka kupita kiasi.

Mbuni alikuwa Imogen, penseli sikioni.
"Nataka Mashariki," alisema.
Mashariki ipi, dada? Nami nimetoka jua linakotoka.
Akacheka, akanipa picha: mianzi ya Kijapani,
ubao wa nakshi wa Kihindi, joka la sijui nani.
Nikapima, nikakata.
Joka likaishia chooni,
kwa kuwa kwingine halikuenea.

Nasra anasoma menyu kwa sauti ya mwalimu:
sambusa ya bata,
tambi za mchele kwa achari ya embe,
kabichi chachu ya Kikorea ndani ya paratha.
Mwenye mgahawa ni Harpal, mkewe ni Linh,
na kila sahani inasomeka kama cheti chao cha ndoa,
mahali pengine kwa mwandiko wa ugomvi.

Kisha dengu. Bakuli jeusi, zito kama kinu.
Mvuke unanifikia kabla ya kijiko
na mimi naacha kuhesabu skrubu.

Mchaichai.

Kwangu mchaichai ni homa, ni birika la bati,
ni shangazi Mwanaidi, Muheza, wakati wa masika,
amenisimamia mpaka tone la mwisho.
Ndani ya dengu sijapata kuuona.
Aliyeutia humu hamjui shangazi yangu,
lakini ameuponda kwanza kwa kitako cha kisu, kama yeye.
Jani lililopondwa huongea. Lililokatwa hujibu tu salamu.

Nataka kumwambia Nasra jambo. Naegemea.
Meza inayumba, mchuzi unaruka,
unatua kwenye tai yangu.

Namba tisa. Naikumbuka.
Mguu wa nne niliukata Ijumaa jioni, nikiwahi basi.
Ulipungua milimita mbili.
Nani angejua milimita mbili?
Dengu imejua.

Basi niko chini ya meza na koti langu la harusi,
nakunja risiti mara tatu, mara nne,
na toka huku naona mgahawa ambao Imogen hakuuchora:
soksi zisizofanana, bigijii iliyokwisha kubandikwa,
mwanamke amevua viatu, anajikuna kisigino kwa kidole gumba,
na kandambili mbili za jikoni
zimesimama. Zinanisubiri.

Ni mama yake Linh.
Anachuchumaa bila kuuliza,
anachomoa mfukoni mwa aproni kitako cha mchaichai,
kilichokwisha toa alichokuwa nacho, kimepondwa bapa,
anakisokomeza chini ya mguu wa nne.
Anaigonga meza kwa kiganja.
Kimya. Imetulia kama jiwe la kusagia.

Anasema neno la kwao. Nasema la kwetu.
Tunatikisa vichwa, watu wazima wawili chini ya meza,
mmoja amechafuka mchuzi, mwingine unga.

Harpal anataka nirudi Jumatatu na randa,
niitengeneze sawasawa.
Nimemwambia nitaangalia nafasi.
Jumanne, labda. Au Krismasi ipite.
Nasra ameinama kuokota leso, anainuka taratibu:
Baba, mguu wa meza unanukia.