Hesabu ya Vitumbua

Redio ilisema uchumi umepona.
Niliisikia saa kumi alfajiri, Ngamiani,
mkono mmoja kwenye mwiko, wa pili ukiipiga kofi
maana bila kofi haisemi.
Umepona? Haya, alhamdulillahi.
Nikachoma vitumbua arobaini, kama jana.

Lango la kiwanda cha kamba halisomi hotuba.
Miaka kumi na tisa nimekaa mbele yake na beseni
na daftari la madeni, lile la Mwanaidi la darasa la tatu,
jedwali la kuzidisha bado liko nyuma.
Najua kinachotangulia. Najua kinachochelewa.

Kwanza hurudi mlio: mashine moja, halafu tatu.
Halafu malori ya mkonge kutoka Muheza,
singa zinabaki kwenye michongoma kama mvi.
Madereva hawashuki; hununua vitatu vitatu dirishani.
Halafu taa zinawaka usiku kucha.
Utadhani sasa wataita watu.

Hawaiti.
Wale wale themanini walio ndani ndio wanaovutwa,
saa nane zinakuwa kumi na mbili.
Kamba ikifika, nani ataongeza uzi?

Na nje, Hoza ameegemeza baiskeli ukutani,
tairi la nyuma limefungwa kwa mpira wa ndani wa tairi jingine.
"Mama Mwanaidi," ananiuliza,
"mbona neema ina mlio lakini haina mlango?"
Nikampa kimoja. Nikaandika.

Masika ikapita. Vuli ikapita.
Redio ilishasahau habari ile, iko kwenye mpira,
ndipo Mhina mlinzi akatoka na karatasi:
vibarua watano.
Mwezi wa pili, kumi na wawili; Hoza wa kumi na mmoja.
Nikachoma mia na ishirini,
na mchele, kana kwamba nao umesikia, ukapanda bei.

Husema Tanga ni waja leo waondoka leo.
Wangeisema kazi, wangesema kweli zaidi:
huja kesho, huondoka jana.

Lakini nisimseme bosi peke yake.
Zuena, binti wa kunigeuzia vitumbua, nilimchukua lini?
Si siku beseni lilipoisha mapema.
Nilingoja liishe miezi mitatu mfululizo,
huku mgongo wangu ukiniuma, nikiona bora uume
kuliko nimwite mtu halafu nimrudishe.

Hoza ameoa. Tairi ni jipya.
Jana kaniomba nimdhamini godoro dukani kwa Mbaruku,
alipe kidogo kidogo, hadi mfungo.

Na juzi dereva wa lori alinunua kimoja.
Jumanne taa za usiku hazikuwaka.
Wanaume wawili waligawana chai moja, wakacheka sana,
kicheko cha watu wasiotaka kuulizwa.
Redio bado inasema tunakua, asilimia kadhaa na nukta.

Sijamwambia Hoza.
Godoro nimelidhamini.
Leo jioni nimepima mchele wa kuloweka,
nikajaza kibaba cha mwisho, nikakitazama,
nikakirudisha kwenye gunia.
Zuena alikuwa anaosha beseni, akaona.
Hakusema kitu. Aliliosha tena,
lilikuwa safi tayari.