Kijani cha Mlango wa Kuku

Picha niliyokuwa nayo ni nyeusi na nyeupe,
na kompyuta haitaki nyeusi na nyeupe.
Inataka namba: nyekundu kiasi gani,
kijani kiasi gani, buluu kiasi gani.

Miezi minne, Wete, chumba cha juu ya duka la saruji,
naivalisha ndege moja ya vita nguo zake za zamani
ili iruke kwenye mchezo wa urubani.
Ribiti kwa ribiti.
Masizi ya injini nimeyapaka kwa mkono,
yakififia kuelekea mkiani.
Kutu nimeitia pale maji ya mvua hutuama.
Lakini kijani chake sikukijua.
Kila niliyemuuliza alinipa chake:
cha jani la mgomba, cha chupa, cha mwani mkavu,
na bwana mmoja aliapa ilikuwa kahawia.

Ndipo Shaame, fundi baiskeli, akaniambia:
nenda Kangagani kwa Bi Mize,
mlango wa banda lake la kuku ulipata kuruka.

Kweli. Bati jepesi, si la dukani,
matundu yamepangwa kama mshono wa cherehani,
bawaba zake ngozi nene, nyeusi, iliyopasuka.
Ndege ilianguka mikokoni
mwaka aliozaliwa dada yake; mwaka mwingine haujui.
Watu wakagawana: huyu sinia,
yule pipa la maji, babake mlango.
Na rubani?
"Walikuja wenziwe wakamchukua.
Kiatu kimoja hawakukiona."
Kisha akawatupia kuku pumba.

Nikakwangua kwa sarafu ya mia mbili.
Chokaa. Chini ya chokaa, samawati ya madirisha yake.
Chini ya samawati, lami.
Chini ya lami, nikashusha pumzi:
si cha mgomba, si cha chupa,
kijani kizito chenye kijivu ndani,
kama mchicha uliochemshwa ukasahauliwa.

Nikauazima mlango usiku mmoja
niupige picha kwa jua la asubuhi.
Asubuhi ikaja na mawingu, umeme ukakatika,
usiku mmoja ukawa mitatu.
Gunia nililotundika mahali pake
ngawa hakulihesabu kuwa kitu.

"Nimekurudishia mlango, Bi Mize."
"Na tetea wangu?"

Nikafungua kompyuta pale pale barazani
kama mtu anayelipa deni kwa hadithi.
Ndege ikapaa, themanini na nne,
tisini na mbili, sitini na saba, rangi yenyewe hasa,
nikaileta juu ya Pemba kutoka kusini.
Akavaa miwani. "Teremka," akasema. "Teremka tena."
Chini palikuwa na miti ileile, imerudiwa kama muhuri,
hakuna njia, hakuna paa, hakuna hata choo cha jirani.
"Kangagani iko wapi?"
Nikamwambia, waliotengeneza mchezo hawakufika huku.
"Ndege umeipatia," akasema, "Pemba umeikosa.
Na humo ndani mbona hamna mtu?"

Kioo cha rubani nilikichorea mng'aro wa jua
makusudi, asiulize mtu.
Yeye kauliza.

Nilinunua kuku sokoni Wete, elfu kumi na nane,
mweupe. Hakumpenda, lakini alimpokea.
Kwenye faili kuna nafasi ya kuandika chanzo cha rangi.
Nimeandika: mlango, upande wa ndani.
Na chini ya bawa la kushoto, asipotazama mtu,
nimeacha mkwaruzo wa sarafu.

Mlango tuliuning'iniza upya kabla ya magharibi,
yeye ameushika, mimi nimepiga magoti kwenye mavi ya kuku.
Misumari nilibadilisha.
Bawaba sikuzigusa kwa kisu.
Nilizipaka mafuta ya nazi, taratibu,
kama mtu apakavyo viatu vya Ijumaa.