Kalenda ya Mlango wa Friji

Kwenye mlango wa friji kuna kalenda ya benki
na kalamu mbili zinazoning'inia kwa uzi:
bluu ya maji, nyekundu ya nchi kavu.
Lyle huandika kwa bluu, mwandiko wa daktari wa meno
ambao hata mimi, mkewe wa miaka arobaini na sita,
huusoma kwa kubahatisha.
Jumanne: mafuta ya injini.
Jumanne hiyo hiyo, kwa nyekundu, mkono wangu:
kwaya saa nne, mpira wa kibao saa nane,
supu kwa akina Okazaki.

Tulipostaafu tulinunua vyote viwili kwa mwaka mmoja
kama watoto walioachiwa noti dukani.
Nyumba namba kumi na saba, kijiji cha wastaafu, Anacortes,
nyasi hukatwa na wengine,
mlango wa bafu mpana, wa kupitisha kiti cha magurudumu
ambacho siku ile ya kutia saini hakuna aliyekitaja.
Na mashua ya futi thelathini na mbili,
kuukuu kuliko kitinda mimba wetu.
Lyle akaiita Kiinua Mgongo.
Tangu hapo mgongo wake haujainuka sawasawa.

Waliosema mshika mbili moja humponyoka
hawakutuambia ni ipi,
wala lini.

Tukitia nanga nyuma ya kisiwa, sili huchungulia
kama jirani mmbeya, kisha huzama na habari zetu.
Hakuna anayegonga kuomba kitunguu.
Siku ya kwanza nashukuru. Ya pili nashukuru.
Ya tatu namkuta Lyle kwenye tezi, kavaa buti za mpira,
anahesabu: moja, mbili, tatu, geuka,
hatua za dansi ya Ijumaa
ambayo anadai hunisindikiza tu.
Na tukiwa nyumbani, upepo ukivuma usiku,
yeye huamka saa tisa, husimama dirishani
kuhakikisha nyumba haijaburura nanga.

Julai ya mwaka juzi tulikaa majini siku kumi na mbili.
Harlan Okazaki alifariki siku ya nne.
Kule simu hazishiki.
Tulirudi na kaa wawili kwenye ndoo, zawadi yao,
tukapiga hodi tukicheka,
na Winifred akafungua kavaa sweta la mumewe,
mikono imemzidi.
Akaitazama ndoo.
"Harlan angefurahi," akasema,
akaenda kuteleka maji.
Tulikula tukiwa watatu. Magamba yalikuwa na kelele.
Hakutuuliza tulikuwa wapi.

Wiki ile Lyle aliandika bei kwenye kadi
akaibandika kwenye ubao wa bandari.
Wakaja vijana wawili na mtoto kifuani.
"Ngama inavuja?"
"Inavuja."
"Na injini?"
"Ina hasira asubuhi."
"Sasa mbona unaiuza?"
Lyle alinitazama. Mimi nilitazama fundo la kamba.
Kisha, pale pale gatini, mume wangu mpole,
ambaye hajawahi kumzidishia mtu bei ya jino,
akaongeza dola elfu nane.
Vijana wakaondoka bila kuaga.
Tulibaki tumesimama kama wezi
walioibiwa mali yao wenyewe wakairudisha.

Siku hizi kuna kalamu ya tatu, ya kijani.
Winifred aliileta bila maelezo
akaifunga mwenyewe, kwa fundo baya.
Yeye hulala omo, hukoroma,
hulalamikia chai yangu, huvua kaa kuliko sisi,
na kila jioni humwambia Harlan jambo
kwa sauti ya kawaida, akiutazama upande wa nchi kavu.
Hatumkatizi.

Jumanne ijayo rangi tatu zimegongana
kwenye kisanduku kisichotosha kidole gumba.
Lyle kavaa miwani, anajaribu kusoma.
"Hapa umeandika kwaya," ananiuliza, "au kamba?"
Nakisogelea kisanduku.
Kwa kweli sijui.

Nampa jaketi lake. Tutajua tukifika.