Nafasi Moja ya Kuhifadhi

Treni ya saa kumi na mbili na dakika nane, Shibata hadi Niigata.
Theluji imelala mashambani kama unga usiochekechwa,
nami, fundi lifti wa miaka hamsini na mitatu,
nimeinamia kioo kisichozidi kiganja.
Kijana aliye mkabala ananitazama,
kisha ananisitiri kwa kufumba macho.

Mchezo unaitwa Mnara wa Chumvi.
Niliukuta drooni mwa Wakana,
chini ya soksi moja isiyo na mwenzake,
mwaka wa pili tangu ahamie Sapporo.
Kosa lake la kwanza, na nalitaja mapema nisije nikaonekana mpole:
una nafasi moja tu ya kuhifadhi.
Anayetaka kuanza sharti amfute aliyetangulia.

Sikumfuta. Niliingia alipoachia,
ghorofa ya nne, asilimia sitini na moja.
Shujaa kamwita Boga.
Boga ana moyo mmoja na nusu,
na mkobani hamna hata senti:
zote zimeishia kwenye kofia ya manyoya
isiyozuia upanga wala baridi.

Nisiseme uongo, mchezo huu una mkono mwepesi.
Ukibonyeza, Boga anaruka papo hapo,
si kesho, si baada ya kuomba ruhusa.
Upanga ukigusa chumvi, kifaa kinatetema hadi mfupani,
vile bisibisi inavyokwambia skrubu imekaa barabara.
Na mvua ya ghorofa ya pili!
Nilivua vipokea sauti nikatazama dirishani:
theluji tu, kimya.

Lakini kamera, jamani, kamera!
Ukibanwa ukutani inageuka kutazama tofali,
nawe unachapwa mgongoni na usiyemwona.
Herufi za ramani ni ndogo kama mayai ya chawa;
walioichora hawajawahi kuvaa miwani.
Maadui ni watatu, wamepakwa rangi tisa.
Betri inakata roho Toyosaka,
na juhudi za asubuhi nzima zinakwenda arijojo.
Na ile lifti ya ghorofa ya tano, hapa nasema kama mtaalamu,
haina uzani wa kusawazisha.
Kamba moja, puli moja, imebeba simba wa mawe.
Ningeifunga siku hiyo hiyo.

Kabla ya lifti kuna ndege.
Nilikufa mara arobaini na moja, nikaacha kuhesabu.
Nikamwandikia Wakana, ambaye huwa tunaandikiana
kuhusu kodi ya chumba na magoti ya bibi yake:
*Yule ndege ulimpitaje?*
Jibu lilikuja usiku, refu kuliko yote ya mwaka ule.
Sikumpita, baba, ndiyo maana niliacha.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nililia bafuni,
nawe ulikuwa zamu ya usiku.
Hivi ile kofia bado ninayo?

Bado unayo.

Ndege nilimshinda Ijumaa, kwa bahati, si kwa ustadi:
alinasa kwenye ukuta ule ule unaoinasa kamera.
Kuanzia hapo hadithi inapwaya.
Waandishi walichoka, au fedha ziliisha;
mfalme anasamehewa kwa sentensi mbili,
na mbuzi msema kweli hasemi tena.
Sasa nimesimama kwenye mlango wa mwisho,
asilimia tisini na nane.
Sijaufungua.

Kesho nakwenda posta.
Kifaa nimekizungushia taulo, pamoja na chaja
na karatasi yenye mambo matatu.
Usiikaribie kona ya kushoto.
Chaji kabla hujalala.
Senti zimefika mia saba, na muuza viatu yuko ghorofa ya sita;
ana buti za bluu zisizo na kazi yoyote.