Mti Gani?

Handali, Jumapili, jua limesimama juu ya bati.
Mama amemwaga mfuko wake wa dawa mkekani,
kando ya mlenda unaokauka,
na swali ni lile lile la kila mwezi:
"Hiki nacho, Nyemo, ni mti gani?"

Miaka kumi na mmoja nakaa nyuma ya dirisha la dawa Mvumi,
nahesabu vidonge kwa kisu butu, vitano vitano,
naandika bahasha: kimoja mara mbili, baada ya kula.
Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza mti.
Wanauliza bei.

Namwambia: hiki cha maumivu
kizazi chake ni gome la mti wa mito ya baridi,
wenye homa walilitafuna kabla hakujawa na kiwanda.
Anaitikia kwa kichwa, kama aliyetajiwa ukoo anaoujua.
Hiki cha sukari kilianzia kwenye gugu la malishoni, Ulaya,
gugu lililokuwa likiua kondoo.
"Kondoo," anasema, "hajui kipimo."

Mihula mitatu chuo kilihangaika kunifunza hilo hilo:
dawa na sumu zilinyonya ziwa moja,
mizani ndiyo iliyozitenga.

"Na vile vya rangi mbili, vya kidonda changu?"
Ukungu, Mama. Ndugu wa ule unaoota kwenye ugali uliolala.
Anacheka hadi khanga inamvuka begani:
"Nami siku zote nikiwatupia kuku!"

Kisha ananipa la kwake, maana habari hulipwa kwa habari.
Mama yake alikuwa binti mdogo wakati wa vita vya Mjerumani,
aliwaona wapagazi wamekonda kama fito
wakichemsha magome yaliyotoka milima ya Usambara,
wakinywa uchungu ule wamefumba macho.
Homa ikawaacha.
Baadaye ikaja njaa ya Mtunya,
na Mtunya haikuwa na gome.

Kimebaki kidonge cha presha.
Kidogo, cheupe, mstari katikati.
Nakigeuza kiganjani kama mtu anayetafuta mlango.
"Hiki?"

Nilikuwa darasa la nne. Baba alikwenda kuvuna uwele,
kifutu alikuwa amelala chini ya mganda.
Kila jani tulilolijua jina tulilifunga mguuni,
tukambeba kwa kitanda cha kamba kuelekea barabarani,
na barabara siku ile haikuwa na gari.
Hadi leo Mama halitaji jina la mnyama yule,
hata mchana. Husema "ukamba".

Ningeweza kusema mkwaju. Angeamini.

"Si mti, Mama. Ni ukamba."

Namweleza polepole: wa Brazili,
sumu yake hushusha msukumo wa damu hadi mtu anazimia.
Wataalamu wakaisoma miaka na miaka,
wakauliza: na yule ambaye msukumo wake umepanda mno?
Wakaliiga umbo lake kiwandani.
Sumu yenyewe haimo humu, nasema. Kivuli chake tu.

Kimya. Upepo unachukua mlenda kidogo,
Mama hauzuii.
"Ni wa ukoo wa yule wetu?"
Wa mbali sana, nasema. Wa ng'ambo ya bahari.
"Ukoo ni ukoo. Mmoja akiua, wote hutoa ng'ombe."

Anakitia mdomoni, anasukumia maji ya kibuyu,
anahesabu kwa vidole kitu asichonitajia,
siku labda, labda mifugo.
"Mara mbili kwa siku," anasema.
"Basi na alipe. Sina haraka."

Kisha ananiomba lile kopo tupu la vidonge.
Anataka kuhifadhia mbegu za maboga,
lina kifuniko kizuri, panya hawezi.